Mbwa Juu ya Velu

Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilikuwa bado za moto ndani ya kapu nilipofika kwenye lango la kaka yangu Mahamudi, pale Mabanga. Jua lilikuwa linakwenda zake. Mimi hukaanga sambaza sokoni Birere, na tangu mke wake Nasiba afariki nilikuwa nampelekea sahani karibu kila jioni, maana mwanamume aliyezoea kupikiwa ukimwacha peke yake atakula mkate na chai mpaka siku ya kiyama. Halafu malaria ikanilaza. Hiyo ndiyo ilikuwa jioni yangu ya kwanza kutoka nje, na viungo vilikuwa bado vinaniuma.

Lakini niseme ukweli, sambaza zilikuwa kisingizio. Nilikwenda kumuuliza anaondoka lini.

Mwanangu wa pekee, Ismael, alikuwa Walikale vita ilipoingia mjini. Alikwenda kwa kazi ya kupakia mizigo, kazi ya siku chache tu. Barabara ikafungwa, simu yake ikazimika, miezi ikaanza kupita. Nilikuwa na maumivu hapa kifuani, pembeni kidogo, yasiyolala hata nikilala mimi. Sasa barabara ilikuwa imeanza kupitika tena, na katika ukoo wetu mzima mtu mmoja tu ndiye anayeijua njia ile, vizuizi vyake na madereva wake. Mahamudi. Alikuwa ameniahidi kwamba gari lake likitoka gereji atakwenda kumtafuta mtoto.

Gari lilikuwa limetoka gereji. Nililipita hapo nje, limeegeshwa, limejaa vumbi.

Nikasukuma lango.

Kimya.

Mahamudi ana mbwa, anaitwa Komanda. Komanda hubweka hata mfuko wa plastiki ukipita na upepo. Mimi ninayemletea mifupa ananibwekea kama mwizi, na mimi humtukana vilevile, ndiyo urafiki wetu. Jioni ile kamba yake ilikuwa imelala juu ya mawe meusi ya volkano, na mbwa hayupo.

"Hodi," nikasema.

Mlango ulikuwa wazi. Nikavua kandambili, nikaingia.

Cha kwanza kilikuwa harufu. Kafuri... na maji ya waridi. Mimi na Mama Umi, yule mwanamke anayeosha maiti za wanawake msikitini kwetu, ndio tuliomwosha Nasiba. Harufu ile naijua. Ila chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya kitu kilicholowa kikafungiwa ndani muda mrefu, na hiyo sikuijua.

Cha pili kilikuwa saloni, kochi kubwa la sebuleni.

Watu walikuwa wameniambia kwamba Mahamudi amenunua fotei mpya, lakini sikutegemea kitu kama kile. Velu ya kijani, kile kitambaa chenye manyoya laini, nzito, inayobadilika rangi ukiipitisha kiganja. Imekunja kona, imekula kuta mbili za nyumba ile ya mbao. Mgongo una vifungo vilivyozama, na miguu imepakwa rangi ya dhahabu. Saloni za namna ile unaziona kwa wenye pesa wa Himbi, kando ya ziwa, si kwa dereva wa gari la mizigo.

Na juu yake, katikati kabisa, Komanda. Amelala chali, kichwa juu ya mto, miguu ya nyuma ameinyoosha kama bwana harusi.

Huyo ni mbwa ambaye hajawahi kuvuka kizingiti. Sisi ni watu wa swala. Mswala wa Mahamudi ulikuwa umekunjwa pale pale, hatua chache kutoka kwenye pua ya mbwa.

Mahamudi alikuwa amekaa kwenye kona ya fotei ile, nusu gizani. Ndevu zimeota ovyo.

"Yaya," nikamwambia, maana ndiye mkubwa wangu, "mbwa iko juu ya saloni."

"Nimeona."

"Mbwa. Ndani ya nyumba munasalia."

"Mwache, Kuluthumu. Anapumzika."

Mimi si mwanamke wa kubembeleza mbwa. Nilirudi mlangoni nikachukua kandambili, nikamtandika nayo mgongoni. Komanda akafumbua macho. Akanitazama kwa upole, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa mbali, halafu akayafumba tena. Nikampiga mara nyingine, kwa nguvu. Hata ngozi haikucheza.

Ndipo nikaona wengine. Paka wa Nasiba, Madamu, alikuwa amejilaza juu ya mkono wa fotei, amening'iniza mguu mmoja. Na kati ya miguu yake ya mbele, amejikunyata kwenye kifua cha paka, alikuwa simbilisi. Simbilisi wa jikoni, wale tunaowafuga kwa nyama. Madamu yule ni mwizi, amewala simbilisi wa majirani mpaka tukagombana na mtaa mzima. Sasa alikuwa amemkumbatia mmoja, na wote wawili wanapumua polepole.

Nikasikiliza. Mbwa, paka, simbilisi, na kaka yangu.

Walikuwa wanapumua pamoja.

Nikaogopa, nasema bila aibu. Lakini nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mtoto, na hofu ya mtoto ni kubwa kuliko nyingine zote. Nikakaa juu ya kigoda cha jikoni, mbele yake.

"Unaondoka lini?"

"Wapi?"

"Wapi? Walikale, yaya. Kumutafuta Ismael."

Akafikiri. Niliona kabisa kwamba anafikiri, anatafuta jina lile ni la nani.

"Ah, Ismael," akasema. "Kesho. Ao siku ingine."

Nikaenda jikoni kuchemsha chai, kwa sababu ningebaki pale ningempiga na yeye kandambili. Niliporudi nilimnyooshea kikombe bila kumtazama. Kikombe kikanitoka, chai yote ikamwagikia mkono wake, moto, mvuke unatoka. Nikapiga kelele mimi. Yeye aliutazama mkono. Ngozi ilianza kuvimba mbele ya macho yetu.

"Imemwangika," akasema.

Hivyo tu.

Nilimfunga kitambaa huku nalia, naye akaniacha nimfunge. Nikamuuliza saloni hii ameitoa wapi.

"Kwa Kakule, fundi wa Ndosho. Nilimupelekea matela, akaiweka ndani."

"Matela gani?"

Akaipapasa velu kwa ule mkono uliounguzwa.

"Ya Nasiba," akasema.

Kwetu, mtu akifariki, nguo zake na godoro, hiyo matela aliyofia, vinatolewa sadaka. Mara nyingi anapewa yule aliyemwosha, naye anaweza kumpa mwenye shida zaidi. Hiyo ndiyo namna ya kumwachilia mtu aende. Kitu kikishatoka mlangoni hakirudi, na wala hakuna anayeuliza kilikwenda wapi. Matela ya Nasiba niliibeba mimi na Mama Umi kwa mikono yetu. Kumbe kaka yangu, kwa uchungu wake, alikwenda kuitafuta kwa siri. Na kwa kuwa aliona aibu kulala juu ya matela aliyoitoa sadaka, akaificha ndani ya velu, ili watu wakija waone saloni tu.

Nilimhurumia. Nilikasirika pia, lakini huruma ilikuwa kubwa zaidi. Nikaacha sambaza juu ya meza, nikaondoka bila kumuaga mbwa.

Kesho yake, adhuhuri, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Ndosho. Karakana ya Kakule iko kando ya barabara, fotei zimepangwa nje na watoto wanazirukia. Kakule mwenyewe ni Mnande, mtu wa maneno machache, alikuwa anabania kitambaa kwenye mgongo wa kiti. Nilipotaja jina la Mahamudi aliacha kazi.

"Mama, kama unakuya kuirudisha, siipokei," akasema.

"Sijasema narudisha. Nataka unitolee tu ile matela iliyo ndani. Nitakupa sponji ingine."

Akatikisa kichwa.

"Ile haikuwa matela moja."

"Namna gani haiko moja?"

Akanivuta pembeni, karibu na marundo ya mbao, akaongea kwa sauti ya chini. Alisema alipoipasua alikuta ndani nusu mbili zimeunganishwa kwa gundi. Ni ujanja wa wauza matela za zamani. Iliyooza upande mmoja inakatwa, inaungwa na nyingine, inavalishwa kitambaa kimoja. Hata akina mama wenye macho makali hawatambui. Matela ya Nasiba ilitoka kwa Mama Umi, ikapewa familia ya wakimbizi waliotoka upande wa Munigi, wakaiuza, na mpaka Mahamudi anaipata kwa muuzaji ilikuwa imeshakatwa.

"Nusu moja ilikuwa ya bibi yake," akasema. "Alinionyesha alama ya hina yake iliyoingia mpaka kwa sponji, nikaiona. Ile ingine..."

"Ya nani?"

"Sijue, mama. Siku zile matela zilitoka kila mahali. Wafu walikuwa wengi."

"Na ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa baridi. Nikaiweka kwa jua, kutwa nzima. Ikabaki baridi."

Aliponyanyua mkono kufuta jasho ndipo nikaona. Kwenye dole gumba lake la kushoto kulikuwa na kichuma cha kubania vitambaa, kimezama mpaka kwenye nyama, kimeshaanza kushika kutu. Nikamwonyesha. Akakitazama kama mtu anayetazama kifungo cha shati.

"Ni mukono niliyoikatia," akasema. "Haiumi tena."

Nilirudi Mabanga moja kwa moja. Njiani nilijipangia maneno. Nilijua kitakachomwinua Mahamudi. Anakaa pale kwa sababu anaamini yuko na mke wake. Akijua kwamba pale amelalia mtu asiyemjua, maiti ya mtu baki, ataruka kama aliyemwagiwa maji. Kisha nitachoma velu ile kwa mafuta ya taa, yeye atawasha gari, na mwanangu atatafutwa. Nilikuwa na hakika. Nilinunua hata chupa ya mafuta ya taa.

Nilifika jua limeshagusa mlima. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Ndani hakuna kilichobadilika. Komanda chali, Madamu na simbilisi wake, Mahamudi kwenye kona. Sambaza za jana zilikuwa juu ya meza, hazijaguswa. Hata inzi mmoja hakuwa juu yake.

Nikapiga magoti mbele yake.

"Yaya, sikiliza. Hii si Nasiba. Matela ilikatwa. Nusu ni ya mutu mwengine. Kakule amenieleza yote. Unalala na maiti ya mutu haujue jina yake."

Akanigeukia. Uso wake ulikuwa umetulia, umependeza hata, kama wa zamani kabla ya msiba.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Siku ya kwanza nilijua. Nilikaa upande wa Nasiba, nikalia mpaka asubuhi. Halafu nikasogea huku." Akapiga kiganja juu ya velu, taratibu. "Huku haiumi."

Maneno yote niliyoyapanga yakaisha. Nilibaki na hasira peke yake. Nikamwambia mwanangu yuko porini, pengine ana njaa, pengine ni mgonjwa, na wewe mwanamume mzima unakaa na paka. Nikamwambia Nasiba angekuonea haya. Nikamwambia mengine yasiyoandikika. Akanisikiliza kwa upole uleule wa mbwa.

Basi nikamshika mikono yote miwili nikavuta. Nikaweka kisigino kwenye mguu wa fotei, nikavuta. Kitambaa nilichomfunga kikachomoka pamoja na ngozi, naye hakukunja hata uso. Aliinuka kidogo. Kweli, aliinuka, mgongo ukaachana na velu, nikaona nitashinda. Nikahitaji nguvu kidogo tu. Nikaegemeza goti langu juu ya mto.

Goti moja.

Maumivu ya malaria kwenye lile goti yakaisha. Hayakupungua, yaliisha, kama mtu amezima redio. Baridi laini ikapanda pajani, ikafika kiunoni. Nilijua. Nasema nilijua kabisa nini kinatendeka. Ningeweza kurudi nyuma.

Lakini ile baridi ilikuwa inapanda, na juu kidogo tu, pembeni mwa kifua, kulikuwa na pale mahali pangu.

Nikasema moyoni nitakaa kidogo, nipate nguvu, halafu nimvute tena.

Nikakaa.

Ikafika.

Miezi yote ile nilikuwa sijavuta pumzi mpaka mwisho. Nikavuta. Giza lilikuwa limeingia ndani, sikuona tena hata mkono wangu. Nikasikia pumzi zetu. Mbwa, paka, simbilisi, Mahamudi, mimi. Tunavuta pamoja, tunatoa pamoja. Na kila tulipotoa, baada yetu, kwa kuchelewa kidogo, ikatoka nyingine.

Ilitoka chini yangu.

Nilipaswa kupiga kelele. Nilisubiri niogope, hofu haikuja. Nikaweka kichwa juu ya mto.

Majirani walikuja baadaye. Walisimama mlangoni, wakanong'ona kwamba tumelogwa, wakamtafuta wa kumlaumu. Sheikh alisoma dua akiwa nje, sauti yake ilikuwa nzuri. Mmoja aliichukua chupa yangu ya mafuta ya taa na kusema ataichoma saloni ile, lakini sisi tulikuwa juu yake, na hakuna aliyekubali kutushika. Chupa ilibaki pale sakafuni. Jua lilitoka na kuzama, mvua ikapiga mabati. Sikuhesabu. Nilimfikiria Ismael mara kadhaa, kama unavyofikiria nguo uliyoiacha kwenye kamba.

Kisha jioni moja lango likalia.

Miguu ikapita juu ya mawe, mmoja unaburuzwa. Mtu akasimama mlangoni, mwembamba, begi limekatika mkanda.

"Mama?"

Nikamtambua. Kovu lake la nyusi, masikio ya baba yake. Alikuwa mwanangu, mzima, anasimama kwa miguu yake.

"Mama, ni miye. Nimetoka Walikale na miguu. Bananiambia uko hapa kwa mujomba."

Nikaitafuta furaha. Naapa niliitafuta, pale pale pembeni mwa kifua ambapo maumivu yalikuwa yanakaa. Palikuwa pamefagiliwa.

"Karibu, mutoto yangu," nikasema.

Alianza kulia. Alisema alidhani nimekufa. Alisema barabarani kila aliposhindwa kutembea alikuwa anajiambia mama ananingojea. Alimsalimia mjomba wake, akamtazama mbwa, akanitazama mimi.

"Mama, juu ya nini hausimame?"

Neno la kumwambia nilikuwa nalo. Kimbia. Lilikuwa mdomoni, tayari, ni neno dogo. Hata mdomo niliufumbua.

Lakini mtoto alikuwa amesimama pale na miguu yake imevimba, machozi yanamtiririka, na kila kitu mwilini mwake kinamuuma. Mama gani anaona mwanawe anaumia na anajua pasipouma?

Komanda akainua kichwa, akajisogeza kando. Na mimi nikasogea. Kati yetu pakabaki nafasi ya mtu mmoja, velu yake imelala vizuri.

"Umechoka, baba," nikamwambia. "Ikala hapa kidogo."

Ismael akafuta macho. Akaweka begi chini, akainama, akaanza kuvua viatu.